Kisima Kilichotajwa Mara Elfu Nne

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Siyo kwamba naogopa mimi. Wanaoogopa ni magoti yangu, maana zamani nikifukuzwa nilikimbia, siku hizi nikifukuzwa nakaa chini. Mkitaka kuijua nchi hiyo, tokeni kwenu, nendeni mbele kidogo, kisha geukeni mrudi. Mtaifikia.

Nimetangatanga tangu sijaota ndevu. Shule nimesoma vipande vipande: darasa la kwanza kwa mapadri, la pili kwa mwalimu mmoja mlevi mwenye mwandiko mzuri, la tatu nililirudia katika nchi mbili, la nne lilichukuliwa na mafuriko pamoja na paa. Nayasema haya mapema ili mkija kusikia nilikuwa bingwa wa mfuko wa uzazi msidhani najisifu.

Siku niliyoingia nchini humo nilimkuta kijana wa miaka ishirini na sita hivi, amevaa koti jeupe, kifuani kabandika namba: 318. Akasimama akinisubiri. Nikasubiri na mimi, maana kwetu mdogo ndiye anayetoa shikamoo. Tukasubiriana hadi jua likatuchoma wote wawili. Mwishowe mwanamke mmoja muuza karanga akaninong'oneza, "Mwamkie, babu, utafungwa."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mzee," akajibu yule mtoto, akanipigapiga begani. "Jitahidi, nawe siku moja utatajwa."

Ndipo nikaelezwa. Katika nchi ile watu hawaheshimiwi kwa umri, wala kwa mali, wala kwa tabia. Wanaheshimiwa kwa mitajo. Ukiandika makala ya utabibu katika jarida, na mwenzako akaandika yake akalitaja jina lako, hapo umepata mtajo mmoja. Mwenye mitajo michache humwamkia mwenye mingi. Mwenye mingi hukaa mbele msikitini na kanisani, hupewa paja la kuku, na hospitalini hushika kisu. Nilionyeshwa mtu aliyevunjika mkono, akafungwa plasta kichwani, kwa sababu daktari mwenye mitajo mingi zamu ile alikuwa bingwa wa nywele. Nikauliza kama mkono ulipona. Wakashangaa swali langu. Wakasema makala yake ilitoka nzuri sana.

*

Kila mgeni huandikishwa kwenye Wizara ya Tiba na Mitajo. Karani wa dirishani alikuwa Bwana Ngwale, mtu mpole, kalamu mbili sikioni.

"Umetajwa mara ngapi?"

"Nimetajwa mahakamani mara mbili."

"Kesi ya kitabibu?"

"Ya kuku."

"Aa. Mifugo ni wizara nyingine." Akaandika sifuri. Kisha akanitazama tena. "Wewe si raia?"

"Si raia."

Uso wake ukachanua. Akafunga dirisha, akatoka nje, akanishika mkono kama mkwe. "Mzee wangu, mbona hukusema? Njoo kivulini!"

Kumbe kulikuwa na sheria kwamba makala ikiwa na jina la mgeni hata mmoja huitwa ushirikiano wa kimataifa, na hupanda daraja. Wageni walikuwa adimu, maana waliopita hawakupenda kurudi. Nikawekewa mbele karatasi yenye majina sita, nikatia sahihi ya saba. Makala iliitwa "Mfuko wa Uzazi wa Wanawake wa Nyanda za Juu: Mtazamo wa Kimataifa". Mtazamo wa kimataifa ulikuwa mimi.

Basi nikapata kazi. Nilipewa benchi kwenye ukumbi wa Wizara, na kila Jumanne Bwana Ngwale aliniletea rundo la makala, chai ya maziwa na chapati mbili. Nilitia sahihi, nikanywa, nikala. Sikusoma hata moja. Hakuna aliyesoma. Ngwale aliniambia kusoma ni kumvunjia mwenzio heshima, kana kwamba humwamini. Miezi mitatu haijaisha nilikuwa na makala ishirini na tisa: za macho, za ngiri, za wazimu, za minyoo. Watoto wenye makoti meupe wakaanza kuniamkia. Nakiri niliipenda hali hiyo. Mtu aliyelala stendi za nchi kumi na saba akiamkiwa na daktari wa moyo, moyo wenyewe humdunda.

*

Mkubwa wao wote alikuwa Profesa Luhende. Makala elfu moja mia nne na kumi na mbili. Hapakuwa na kiungo cha mwanadamu asichokuwa amekiandikia, kuanzia utosi hadi ukucha wa dole gumba, ingawa akiona damu alizirai. Hata nyanya za kusaga zilikuwa zikifunikwa akipita jikoni.

Siri yake ilikuwa upatu. Mnaujua upatu: kina mama ishirini wanachanga kila wiki, mmoja anapokea zote, wiki ijayo mwingine, na kijumbe ndiye anayeshika zamu. Profesa aliuanzisha upatu wa mitajo. Watafiti ishirini hukutana kila Ijumaa, kila mmoja anachanga mitajo kumi, mmoja anapokea. Wiki ijayo zamu ya mwingine. Kijumbe alikuwa Profesa mwenyewe, na zamu yake, kwa sababu za kitaalamu, ilikuja Ijumaa moja baada ya nyingine.

"Ndugu wanaupatu," alikuwa akifungua kikao kwa sauti kama ya mtu aliyemeza ngoma, "mgonjwa hufa akasahaulika. Mtajo haufi! Nani leo anamjua aliyekufa kwa kipindupindu mwaka ule? Hakuna. Nani anaijua makala yangu juu ya kifo chake?"

"Sisi sote, Profesa!"

"Basi ni nani kati yetu aliye hai zaidi?"

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga pia, mdomoni nina chapati.

*

Siku moja nimekaa benchini, akaingia mwanamke mwembamba mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa Dokta Zamoyoni, daktari wa zahanati ya Lukwambe, bondeni, mwendo wa siku mbili. Mkononi alishika makala ya kurasa nne, iliyokwisha kutoka jaridani miaka miwili nyuma.

"Naomba kibali cha kufungua koki," akamwambia Ngwale.

"Koki ya nini, daktari?"

"Ya bomba la maji. Bomba la chemchemi ya mlimani linapita katikati ya Lukwambe kuja huku mjini. Pale kijijini lina koki, imefungwa. Watu wanakunywa kisima, na maji ya kisima yana chumvichumvi inayooza meno ya watoto na kupinda miguu yao. Nimepima maji, nimepima mkojo, nimepima watoto mia mbili na kumi. Yote yamo humu. Koki ikifunguliwa, watoto wadogo watapona hata hawajaugua. Ni kazi ya spana moja, Bwana Ngwale. Nusu saa."

Ngwale akaichukua makala, akalisoma jina, akakunja uso. "'Maji ya Kisima cha Lukwambe Yanapinda Miguu ya Watoto, Fungueni Koki.' Daktari, hili jina mbona hata mpishi wa hapa analielewa?"

"Ndivyo nilivyotaka."

"Aa, basi umekosea mwanzoni kabisa. Ina mitajo mingapi? Sheria inasema jambo likishafika mia ndipo Serikali hulijua."

"Hakuna aliyenitaja isipokuwa mama yangu. Yeye hunitaja kila akisali."

Ngwale alifikiri kwa dhati. Alikuwa mtu wa haki. Akafungua daftari la sheria, akapekua, akalifunga kwa masikitiko. "Sala haina namba ya jarida."

Yule daktari hakulia wala hakugomba. Aligeuka akaja kukaa kwenye benchi langu, akavua kiatu, akakung'uta mchanga. Mimi miguu ilikuwa imeshaanza kuwasha kwa kukaa mahali pamoja. Nikamwuliza kama njiani kuna pa kulala. Kesho yake nikaenda naye.

*

Lukwambe tulipokewa na Bi Nyamizi, bibi mwenye wajukuu watatu na ulimi mkali.

"Karibu, mzee mwenzangu. Nawe ni daktari?"

"Mtafiti, Bi Nyamizi. Wa mfuko wa uzazi."

Alinitazama tangu kandambili hadi kofia. "Umewahi kuuona?"

"Bado."

"Basi kaa unywe uji. Ila umepikwa kwa maji hayo hayo."

Wajukuu wakubwa, Shija na Maganga, walikuja kuniamkia kwa desturi ya zamani, maana bondeni kule sheria ilikuwa haijafika vizuri. Walikuja wakiyumba. Magoti yao yaligusana na nyayo zikaachana, kama koleo la mhunzi. Walipocheka niliona meno ya kahawia. Nyuma yao akaja wa tatu, Mboni, mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu, anakimbiza kuku. Miguu yake ilikuwa mishale miwili.

"Huyo bado," akasema Bi Nyamizi. "Kaka zake walinyooka hivyo hivyo. Walipofika minne, mitano, ndipo mifupa ikaanza kusalimu amri. Basi mimi nahesabu miezi."

"Bibi, hatafika huko," Dokta Zamoyoni akasema. "Nitakuwa nimefungua koki."

"Wewe ulisema hivyo kwa Maganga, mwanangu."

Daktari akainuka. Alinipeleka kuiona koki yenyewe. Ilikuwa kichuma cha ukubwa wa sahani ndani ya kisanduku cha saruji, na ukiinamisha sikio unasikia maji yanapita kwenda mjini kumwagilia bustani za watu wenye mitajo. Kando yake, kwenye kigoda, alikaa Koplo Mangwela na bunduki.

"Koplo, mwanao anaendeleaje?"

"Anatambaa, daktari."

"Ana miaka mingapi sasa?"

"Sita."

"Na spana unayo."

"Ninayo mfukoni." Akaipapasa. "Daktari, nina barua. Barua inasema mitajo mia. Niletee hiyo mia, nitaifungua hata kwa meno. Lakini nikifungua leo nitafukuzwa, na huyo mtoto anayetambaa atatambaa na njaa."

Hapo mimi, mzee mjinga, nikatoa ushauri. Nikasema, "Daktari, si uingie upatu?"

*

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alimwona Mboni anachota maji kwa kopo, akakubali, tukarudi mjini.

Upatu una masharti. Kwanza alitakiwa awataje wenzake wote. Makala ya kurasa nne ikavimba kurasa kumi na tatu. Mstari wa kwanza ukasomeka: "Maji ya kisima cha Lukwambe (tazama Luhende kuhusu upara) yanapinda (tazama Luhende kuhusu kwikwi) miguu ya watoto." Kisha ikapigwa kura ya zamu. Akapata ya ishirini, ya mwisho. Akahesabu wiki kwa vidole, akasema bado kuna nafasi, Mboni atakuwa hajafika hata mitatu na nusu.

Profesa Luhende aliisoma makala ile. Nasema aliisoma, jambo lililowashtua watu wote Wizarani.

"Binti yangu," akamwambia mbele yetu, macho yanang'aa, "umefanya ukatili! Umechinja ng'ombe mzima ukampika sufuria moja! Ng'ombe ana kwato, ana pembe, ana mkia, ana utumbo. Hivi unajua hapa kuna makala ngapi?"

"Kuna moja, Profesa. Na koki moja."

"Ha! Ujana!"

Wiki ile ile alianza kuchuna. Ikatoka makala ya jino la juu la kushoto la mtoto wa Lukwambe. Ikafuata ya jino la juu la kulia. Goti la kulia likapata lake, na la kushoto likajibu hoja za la kulia. Madaktari wa figo wakachukua figo, wa ngozi wakachukua ngozi, wa akili wakaandika juu ya huzuni ya mama, wa masikio wakathibitisha kwamba masikio hayajapinda, nayo ikatajwa mara themanini. Mimi nilitia sahihi zote, maana kila Jumanne ni Jumanne. Baada ya wiki thelathini na tisa zilikuwa makala sitini na tatu na mitajo elfu nne. Hakuna hata moja iliyotaja koki. Nilipomwuliza Profesa, alinijibu kwa upole kwamba koki si sayansi, koki ni mambo ya fundi bomba.

Ikafika Ijumaa ya Dokta Zamoyoni. Alikuja na maandazi ya kuwashukuru wenzake. Profesa akasimama, akajifuta jasho, akampisha katibu.

"Kamati imegundua," akasoma katibu, "kwamba makala ya Dokta Zamoyoni inafanana kupita kiasi na makala sitini na tatu za Profesa Luhende. Imefutwa kwa kosa la kunakili."

"Yangu ilitoka miaka miwili kabla ya zake!" Sauti yake ilipasuka.

"Ndiyo uzito wa kosa lenyewe, daktari. Kumnakili mtu aliyekwisha kuandika ni wizi wa kawaida. Wewe umemnakili kabla hajaandika. Umemwibia hata nafasi ya kufikiri."

Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Kisha wakala maandazi.

*

Mimi bado nilikuwa na tumaini, nimesema shule yangu ni ya vipande. Nilikwenda dirishani kwa Ngwale nikamwambia, "Bwana, sheria si inataka mia? Kisima kina elfu nne. Haidhuru ni za nani. Fungueni basi."

Ngwale akapauka. "Mzee wangu, unajua hilo hatukulifikiria?" Akapeleka faili juu. Faili likapanda ngazi, likakaa wiki saba, likateremka na uamuzi mzuri kuliko nilivyoota: Waziri mwenyewe angekwenda Lukwambe.

Alikwenda kweli, na magari kumi na moja. Kisima kilikuwa kimepakwa rangi ya bluu na kuzungushiwa uzio, na kibao kikubwa kimesimamishwa: CHANZO CHA TAIFA CHA MAARIFA. Watoto waliopinda walipangwa mstari, wakubwa nyuma, wadogo mbele, kila mmoja na bendera. Koplo Mangwela alipiga saluti, mwanawe akiwa amekaa chini miguuni pake.

"Wananchi!" akanguruma Waziri. "Kijiji kidogo kama hiki kimetajwa mara elfu nne! Nchi jirani haina kisima hata kimoja kilichofika mia sita! Serikali yenu sikivu imeamua kisima hiki kilindwe, kisifungwe, kisipunguzwe, kisibadilishwe ladha!"

Bi Nyamizi akanyanyua mkono. "Mheshimiwa, na koki?"

"Mama, koki ikifunguliwa nani atakunywa hapa? Na wasipokunywa hapa, tutaandika nini? Mti wenye matunda haukatwi, mama yangu."

"Hayo matunda ni wajukuu zangu."

Waziri alicheka sana, akasema huyu bibi mcheshi, mpeni kanga. Akapewa kanga.

Jioni ile tulikuwa kwa Bi Nyamizi. Mboni alikuwa na miaka mitatu na miezi minane. Dokta Zamoyoni alikuwa akimpima magoti kwa uzi kila mwezi, akauweka uzi mfukoni.

"Bibi," akasema, "maji hayatakuja kwenu. Nendeni nyinyi kwa maji."

"Mlimani? Hapana shamba kule. Hapana nyumba."

"Kuna chemchemi."

Bi Nyamizi akaifunga kanga ya Waziri kiunoni. "Haya. Mkokoteni wa nani haujavunjika?"

Walihama nyumba zote hamsini na mbili, kwa siku tatu, pamoja na mbuzi, vinu na milango. Koplo alimpandisha mkewe mkokotenini na mwanawe mapajani mwa mama. "Wewe huji?" nikamwuliza. "Nalinda koki," akasema, bila kunitazama.

Kule juu kulikuwa na baridi na mawe. Waliishi chini ya maturubai, wakapanda mtama kwenye vipande vya ardhi visivyozidi mkeka. Wengine walinung'unika, wawili wakapigana kwa ajili ya mbuzi. Lakini maji yalikuwa matamu. Mvua zikaja zikaisha. Mboni akafika minne, akapita minne. Kila mwezi daktari alitoa uzi, akapima, akasema, "Bado amenyooka." Na kila mara Bi Nyamizi alimjibu, "Pima tena."

Mimi baridi ilinishinda. Nikashuka mjini kupumzisha magoti, nikarudi kwenye benchi langu. Chai ilikuwa ile ile.

*

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapokosa usingizi.

Watu wa Profesa Luhende walikwenda Lukwambe kutafuta magoti mapya ya kuandikia. Wakakuta kisima kinang'aa na Koplo kwenye kigoda. Walizunguka kijiji kizima, hawakuona hata mtoto mmoja aliyepinda. Hawakuona mtoto yeyote. Wakampima Koplo miguu, ikawa sawa. Wakarudi.

Juma lililofuata ikatoka makala: "Kutoweka kwa Ugonjwa wa Miguu Lukwambe: Ushahidi wa Kupona kwa Kisima". Profesa akapewa nishani ya kuutokomeza ugonjwa. Upatu wote ukachanga kwa furaha kupita kiwango, mitajo mia tisa katika Ijumaa mbili. Na jambo likishafika mia, Serikali hulijua. Serikali ikajua kwamba kisima kimepona. Ikajua pia kwamba kuna wananchi wanaoteseka kwenye baridi mlimani bila sababu. Ikatuma malori kwenda kuwarudisha nyumbani, kwa upendo na kwa bunduki.

Nilipanda lori la mbele, nikiambiwa kuna pilau.

Mlimani askari walikuwa wanashusha maturubai. Dokta Zamoyoni alisimama juu ya jiwe na ile makala mkononi, kampokonya ofisa mmoja. Aliwasomea watu yote, neno kwa neno, ili wajue wanarudishwa kwa maneno gani. Nadhani alikuwa mtu wa kwanza kuisoma. Kisha akasoma majina ya waandishi. La kwanza Luhende. La pili, la tatu. Alipofika la saba akainua macho, akanitazama.

Bi Nyamizi akafuata macho yake. "Mzee mwenzangu," akasema polepole, "wewe ndiye uliyesema maji yamepona?"

"Sikusema, Bi Nyamizi. Nilitia sahihi tu."

"Ulisoma?"

"Ilikuwa Jumanne," nikasema.

Aliniangalia kama mtu anavyoangalia sufuria iliyotoboka. Hakunitukana. Ningelipa chochote anitukane. Alimbeba Mboni akapanda lori.

Madumu ya maji ya chemchemi yalimwagwa, kwa kuwa amri ilisema hayakufanyiwa utafiti. Tulishuka kwa mwendo wa saa sita, vumbi jekundu, jua la utosini, watoto wanalia kisha wanaacha kulia. Lukwambe kulikuwa na turubai la sherehe, na mbele yake meza ndefu yenye vikombe vya bati vilivyojazwa maji ya kisima hadi ukingoni, Profesa Luhende amesimama nyuma ya meza na jagi. Waziri alikuwa tayari anahutubia, pembeni yake ana chupa ya maji iliyotoka mjini. Dokta Zamoyoni alipojaribu kuisogelea meza, askari wawili walimkalisha chini wakamshika mabega. Koplo Mangwela alikuwa kwenye kigoda chake. Mkewe alipita na mtoto mgongoni, na Koplo akageuza uso upande mwingine.

"Kiu, bibi," Mboni akasema.

"Vumilia, mwanangu."

"Bibi, maji yale pale."

"Nimeyaona."

Alimbana kifuani kwa mikono yote miwili. Waziri aliendelea. Alimtaja Profesa, alitaja jarida, alitaja namba ya kurasa. Nusu saa, saa nzima. Mikono ya mwanamke mzee ina kipimo chake. Nilikuwa karibu, niliiona inalegea, nikafikiri niende nimsaidie kushika, na nikafikiri hatapenda niguse. Nikiwa bado nafikiri, mtoto akachoropoka.

Alikimbia. Alipita kati ya viti vya wakubwa, akaruka kamba ya turubai, nyayo zake zikipiga ardhi sawasawa, goti mbali na goti. Watu waligeuka kumtazama, hata Waziri aliacha kuhutubia. Nimepita nchi kumi na saba na sijaona mtoto aliyekimbia vizuri vile. Alifika mezani, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa chote bila kupumua.

Kisha akaomba cha pili, na Profesa Luhende mwenyewe akamjazia.